SOMO: Kikao cha familia cha kupanga mwaka kwa kufuata mnachokithamini

Kila Desemba mashemeji na majirani wananiuliza mimi na mama watoto tunapangaje mwaka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Daftari la kaunta, kalamu, jioni isiyo na haraka. Simu pembeni.

2. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu ambayo angetaka watoto wayakumbuke kuhusu nyumba hii wakishakuwa watu wazima. Someaneni.

3. Hapa ndipo nilipoharibu. Tuliandika "elimu ya watoto" juu kabisa, nami nikakopa nikanunua kiwanja. Januari mkubwa wetu alikaa nyumbani wiki mbili kwa kukosa ada. Kila asubuhi alivaa sare, akakaa barazani na begi lake. Mke wangu akachukua simu zote mbili, akajumlisha miamala ya miezi mitatu: michango ya harusi 640,000, vitabu na madaftari 38,000. Kwa hiyo fungueni miamala KABLA ya kuandika lengo lolote. Na msifanye kesi: wewe soma yake, yeye asome yako, asijitetee mtu.

4. Malengo mawili tu, kila moja na kiasi na mwezi wake.

5. Kila miezi mitatu rudieni hatua ya 3.

MASWALI

– Mkuu, tupe malengo yenu tunakili.
Hapana. Rudi hatua ya 2.

– Mke wangu hana kipato, kuna haja akae kikaoni?
Ipo. Yeye ndiye anayejua unga unaisha tarehe ngapi. Na kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa huiuzi wala kuiweka rehani bila ridhaa yake. Sasa kwenye kupanga unamwachaje nje?

– Tukikata michango si tutatengwa? Undugu nao tunauthamini.
Umeuliza jambo la maana, dada. Sisi pia tumeuandika. Tumetenga fungu la mwaka, 300,000, kwanza ndugu wa karibu na waliosimama nasi msibani. Likiisha, tunakwenda kwa mikono: kupika, kuteka maji, kulala matangani. Hadi leo hakuna aliyetununia.

– Nyongeza: kikoba chetu tunakivunja mwanzoni mwa Desemba, ada inatoka kabla ya sikukuu.
Hii nzuri. Sisi tunapitia benki siku hiyohiyo kulipa ada, kabla hatujafika nyumbani.