Somo: Kumsikiliza Ndege wa Alfajiri katika Majira ya Kuchipua

Somo hili linatuhusu sisi tunaoishi Ujerumani, Ubelgiji na nchi jirani, ambao baada ya miezi ya giza na baridi tunatamani kumshukuru Mungu kwa jambo tunalolisikia kwa masikio yetu. Kwetu Afrika Mashariki nyimbo za ndege wengi hufuata mvua. Huku Ulaya hufuata kurefuka kwa mchana, na hupamba moto kati ya Aprili na mwanzoni mwa Juni.

Hatua ya kwanza: toka nje takriban saa moja kabla ya jua kuchomoza, wakati upepo umetulia na magari ni machache, kisha ukae mahali pamoja.

Hatua ya pili: mchague ndege mmoja tu. Anayefaa zaidi ni yule ambaye Wajerumani humwita Amsel. Dume lake ni jeusi, lina mdomo wa rangi ya chungwa, na huimba kwa utulivu juu ya paa au kileleni mwa mti. Naisisitiza hatua hii kuliko zote, kwa sababu furaha ninayoizungumzia huja pale unapotambua kwamba ndege yule yule wa jana amekirudia kipande chake na kukimalizia kwa namna nyingine, na moyo ukasifu bila kuamrishwa.

Hatua ya tatu: soma Zaburi 104 au aya ya 41 ya Surat An-Nur, inayowataja ndege wakimtukuza Mwenyezi Mungu, kisha unyamaze.

Hatua ya nne: mwishoni mwa Mei, nenda kwenye magugu marefu kando ya mto ukamtafute Sumpfrohrsänger, ndege mdogo wa rangi ya kahawia. Yeye hupitisha miezi ya baridi kusini-mashariki mwa Afrika, na akiwa safarini hupita Kenya, ambako watafiti huwavalisha wenzake pete miguuni huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969. Wimbo wa dume umejaa sauti za ndege wengine: utafiti uliofanywa Ubelgiji ulionyesha kwamba kila dume huiga wastani wa spishi 76, na zaidi ya nusu yake ni za Afrika. Ndugu zangu, tafakarini neema hiyo: sauti za ndege wa kwetu zinaimbwa kando ya mto wa Ulaya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, ni vibaya kutumia simu kumtambua ndege?

Jibu: Si vibaya, dada yangu. Programu ya BirdNET ni ya bure na inafaa, ila msikilize ndege kwanza. Usimchezee sauti iliyorekodiwa ili aje karibu, kwa maana atadhani mpinzani ameingia katika eneo lake, na atapoteza nguvu anazohitaji kwa kulisha makinda.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi hufanya kazi zamu ya usiku, na alfajiri nakuwa bado kazini. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Amsel huimba tena jioni, jua linapokaribia kuzama na muda mfupi baadaye. Fungua dirisha kabla ya kwenda kazini; hata katikati ya mji utampata juu ya mabati au antena ya jirani.