Namna ya kupanda na kupogoa haibiskasi ya majira ya joto

Hapa naizungumzia Hibiscus syriacus, ile inayopukutisha majani wakati wa baridi. Usiichanganye na ndugu yake wa nchi za joto, mwenye majani ya kung'aa, ambaye jalidi humuua. Hii ikishakomaa huvumilia baridi ya hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na hufikia kimo cha mita 2 hadi 4. Ua moja hukaa siku moja tu, lakini mti uliotunzwa hufululiza maua kwa wiki nyingi.

Hatua ya 1: Chagua mahali
Tafuta sehemu inayopata jua lisilopungua saa 6 kwa siku. Kivulini itaishi, ila maua yatakuwa ya kuhesabu. Udongo wa aina nyingi unaifaa mradi maji hayatuami.

Hatua ya 2: Panda
Chimba shimo lenye upana mara mbili ya bonge la mizizi, kina kikiwa kilekile cha bonge. Shina lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa kwenye chungu. Rudishia udongo, mwagilia hadi ulowe vizuri, kisha tandaza matandazo bila kuyagusisha na shina. Miche miwili iachanishe kwa mita 2 au zaidi.

Hatua ya 3: Subiri ichipue
Watu wengi huing'oa haibiskasi hai wakidhani imekufa. Huchelewa mno kuamka. Mimea mingine yote inaweza kuwa imeshavaa majani nayo bado ni vijiti vitupu. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani kibichi chenye unyevu, iache, iko hai. Ukikuta rangi ya kahawia na ukavu, shuka chini zaidi ukwangue tena kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 4: Pogoa kwa wakati wake
Ukikosea hatua hii, utakosa maua ya mwaka mzima. Haibiskasi hii huchanua kwenye matawi yaliyoota mwaka huohuo. Kwa hiyo pogoa baridi inapoelekea kuisha, kabla ya vichipukizi kufunguka. Ukikata majira ya joto yakiwa yameshaanza, unayatupa matumba yenyewe.

Anza na matawi yaliyokufa, kisha yanayosuguana, halafu membamba yanayojazana katikati. Yanayobaki yafupishe kwa theluthi moja. Ukitaka maua machache lakini makubwa, kata tawi la mwaka uliopita hadi yabaki macho mawili au matatu tu kutoka chini (jicho ni kichipukizi ambacho tawi jipya hutokea). Kila mkato uwe juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, ili tawi jipya lifunguke upande wa nje. Mti mchanga usiukate sana. Uache kwanza ujenge umbo.

Hatua ya 5: Maji na mbolea
Mwaka wa kwanza, mwagilia kwa wingi kila udongo wa juu unapokauka. Matumba yakidondoka kabla ya kufunguka, chunguza maji kwanza: ukame huyaangusha, na udongo uliojaa maji vilevile. Mboji mwanzoni mwa msimu wa kukua inatosha. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani tu. Vidukari hupenda ncha laini. Wapige kwa maji ya mpira, na wakizidi tumia maji ya sabuni.

Hatua ya 6: Dhibiti mbegu, otesha vipandikizi
Maua yakiisha, kata vibweta vya mbegu kabla havijapasuka, la sivyo miche itaota kila kona. Aina kama 'Diana' huzaa mbegu chache mno, nami humpendekezea yeyote asiyetaka kazi hiyo.

Miche ya mbegu haifuati rangi ya mama, kwa hiyo ukiipenda rangi fulani tumia vipandikizi. Majira ya joto, kata ncha isiyo na tumba yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini tu ya kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye tawi. Ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ifunike kwa mfuko angavu na kuiweka kivulini. Ukiivuta polepole nayo ikakaza, imeshashika mizizi.