Ndugu yenu kafariki kwa ajali, bima mnaidai hivi

Jamani poleni kwanza. Sisi mdogo wangu aligongwa na hiace pale Usagara, Mwanza, akiwa kwenye bodaboda, na kilichotutesa baada ya mazishi ni makaratasi, kwahiyo naandika nyie msizunguke kama sisi.

Siku hiyohiyo mtu mmoja apige picha namba ya gari, na stika ya bima kama ipo, ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima) unaona bima ni ya kampuni gani na inaisha lini. Bima ndogo kisheria ni lazima na ndio inayomlipa mtu wa nje aliyegongwa, asiwadanganye mtu eti mpaka gari liwe na bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe.

Polisi trafiki fuatilieni ripoti ya ajali, ramani ya eneo la ajali na hukumu ya dereva kama kashitakiwa. Hospitali ripoti ya uchunguzi wa mwili, RITA (wakala wa vizazi na vifo) cheti cha kifo. Halafu ukoo ukae, muandike muhtasari wa kikao, mwende mahakama ya mwanzo mpate msimamizi wa mirathi maana bila yeye bima hawamlipi mtu.

Sisi kampuni ya bima ilituletea fomu ya kumaliza madai, hela kiduchu, shemeji analia kalamu tayari mkononi. Nikamwambia mama Neema weka kalamu chini! Ukisaini ile umefunga madai. Andikeni barua ya kukataa, mgongewe muhuri kwenye kopi yenu, wakigoma nendeni TIRA kanda ya ziwa hapahapa Mwanza au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ikishindikana ndio mahakamani.