Zima AC kwanza, injini baadaye: namna ya kulipooza lori la dizeli lenye turbo

Dereva wa Pemba hahitaji kuambiwa kwamba lori lenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), likishavuta mlima na mzigo, halizimwi papo hapo. Analiacha lingurume kwanza. Kinachosahauliwa ni AC. Mtu anaegesha Wete saa nane mchana, jua la kaskazi limewaka, amefunga vioo na AC iko mwisho, anasubiri dakika zake tatu kisha anazima. Hajaharibu kitu, tuseme kweli. Ila muda wote ule injini ilikuwa inapunguziwa joto kwa mkono mmoja na kuongezewa kwa mkono mwingine.

Ujue kwanza unapooza nini. Geji ya dashibodi inakuonyesha joto la maji, ambalo kwa injini isiyo na tatizo hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Turbo haimo kwenye geji hiyo. Lori lililopakia likipanda mlima, moshi unaotoka kwenye silinda unaweza kupita nyuzi 600, na moshi huohuo ndio unaoizungusha turbo, mizunguko zaidi ya laki moja kwa dakika. Shafti yake inaelea juu ya oili inayosukumwa na pampu ya injini. Ukizima, pampu inasimama. Oili iliyobaki ndani haiendi popote, joto la chuma kilicho jirani linaifuata, inaungua na kuganda kama masizi magumu. Siku hiyo huoni kitu. Ukiifanya tabia, njia ya oili inaziba, shafti inaanza kucheza, ekzosi inatoa moshi wa buluu, na wewe unapiga simu Dar es Salaam kuulizia bei ya turbo.

AC inaingia hapa kwa njia mbili. Kompresa, yaani pampu ya AC, inazungushwa na mkanda wa injini. Lori likiwa mwendoni mzigo huo si kitu, lakini likiwa limesimama bila resi, injini inausikia: inachoma dizeli zaidi kidogo na moshi wake unatoka na joto zaidi kidogo. Njia ya pili ndiyo kubwa. Kondensa, sehemu ya AC inayotoa joto nje, imekaa mbele ya rejeta inayopooza maji ya injini. Joto lote lililotolewa ndani ya kebini linamwagwa pale, na hewa hiyohiyo iliyokwisha kupata moto ndiyo inayopita kwenye rejeta. Ukitembea, upepo unatosha. Ukisimama, feni nayo inazunguka polepole, na maji yanachelewa kushuka.

Wapo wanaosema AC inaua turbo. Mimi sikubaliani nao. Malori mengi, AC ikiwashwa, injini inajiongeza mizunguko kidogo au feni inaingia kwa nguvu, na hilo linasaidia oili na maji kuzunguka. AC inakurefushia kusubiri, basi. Sasa tuifanye kazi.

Hatua ya 1: anza kupooza ukiwa bado barabarani. Kilomita moja au mbili za mwisho, usikanyage. Hapa ndipo penye faida kuliko hatua zote zinazofuata, kwa sababu unapooza huku upepo unaingia. Tazama Mkoani. Anayeteremka kwenda bandarini ameinua mguu, injini haipewi dizeli ya maana, turbo inapitiwa na hewa isiyo na moto; akifika chini kazi kubwa imeshafanyika. Anayepanda kutoka bandarini na mzigo kamili, kisha akasimama juu mjini kununua maji ya kunywa na kuzima hapohapo, huyo ndiye anayejitafutia. Kama lazima asimame, aliache lori lingurume, utingo ashuke akanunue.

Hatua ya 2: katika kilomita hizohizo, zima AC, feni ya ndani iache. Yaani bonyeza kitufe cha AC kitoke, swichi ya feni ibaki namba mbili au tatu. Utasikia klachi ya kompresa ikiachia, "tak", na mshale wa mizunguko unatikisika kidogo. Kebini haitapata moto mara moja. Ubaridi uliomo kwenye evaporeta, sehemu ya AC inayopooza hewa ya kebini, unatosha kukufikisha. Halafu kuna faida ya pembeni: feni inaikausha evaporeta. Kwa unyevu wa visiwa hivi, evaporeta inayozimwa ikiwa mbichi kila siku ndiyo inayoleta ile harufu ya nguo zisizokauka ukiwasha asubuhi.

Hatua ya 3: egesha, gia huru, breki ya mkono, subiri. Kama una nafasi ya kuchagua, elekeza pua ya lori kwenye upepo. Ulivuta mzigo au umetoka mlimani, dakika 3 hadi 5. Umekuja mtupu kwenye tambarare, tuseme kutoka Mahonda kuingia mjini Unguja bila haraka, dakika moja inatosha. Kitabu cha lori lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Na tafadhali, usipige resi kabla ya kugeuza ufunguo. Sijui tabia hii ilitoka wapi, lakini kila kituo ina wenyewe. Unaipandisha turbo mbio, kisha unaikatia oili ikiwa bado inazunguka. Dakika zote ulizosubiri umezitupa.

Lori lako likiwa la miaka ya karibuni, lenye chujio la masizi kwenye ekzosi, tazama taa yake. Ikiwa linajisafisha, ekzosi ina moto mkali hata kama umesimama. Liache limalize.

Hatua ya 4 ni ya siku mbaya tu. Geji imepanda kuliko kawaida yake, ila maji yapo na hakuna mvuke. Usizime. Zima AC, fungua vioo, sukuma hita iwe moto kabisa na feni ya ndani iende mwisho. Utatoka jasho, lakini joto la injini linatolewa kupitia kebini. Shikilia mizunguko kama 1,000 hadi 1,200 mpaka mshale urudi. Ukiona mvuke au maji yanamwagika, hapo zima mara moja, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe.

Ukishafuata haya na bado maji yanachelewa kushuka, nenda mbele ya lori. Washa AC injini ikinguruma, chukua karatasi ya daftari uiweke kwenye grili. Inatakiwa ivutwe ndani na ing'ang'anie. Ikianguka, feni ni dhaifu au mkanda umelegea. Ikisukumwa nje, kuna aliyefunga feni ya umeme ya AC ikavuma kinyume, inapigana na feni ya injini. Limekuja hivyo gereji zaidi ya lori moja, hasa yale ambayo AC iliongezwa baadaye. Halafu piga tochi baina ya kondensa na rejeta. Chumvi ya bahari na vumbi la kifusi hukaa hapo na havionekani kwa nje. Osha kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kuja mbele, injini ikiwa imepoa.

Imebaki foleni ya bandarini. Huko watu hungurumisha lori saa nzima kwa ajili ya AC. Injini ikinguruma bila mzigo, dizeli haichomeki vizuri, masizi yanajaa na mafuta mabichi yanateremka kwenye oili, kwa hiyo kama kuna kivuli, zima ushuke. Kama hakuna na joto limekushinda, kaa na AC yako. Foleni ikianza kusogea hakuna cha kupooza. Ukiwa unazima hapohapo, toa AC dakika mbili kabla ya ufunguo. Turbo imeshapoa zamani, unachokausha ni evaporeta tu.