Jinsi ya kupinga hoja kwenye mkutano mkuu wa ushirika

Wengi wetu wauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mkutanoni tunanyamaza, tukishapanda bajaji kurudi nyumbani ndo tunaanza kulalamika, sasa hapo chama umekisaidia nini? Kwanza soma masharti ya chama, hasa akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, na namna ya kuingiza ajenda, maana ukisubiri ajenda ya mwisho, "mengineyo", watu washachoka wanawaza soda. Andika hoja yako mapema, mpelekee katibu, na nakala yako igongwe mhuri.

Usimwogope mwenye mitumbwi mingi. Kwenye ushirika mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa 5 au 500.

Ukisimama pinga jambo, sio mtu. Kwenye chama chetu uongozi ulitaka kununua mafriza manne kwa mkopo, nikauliza umeme wa luku utalipwa na nini, wakaguna, ila nilikuwa na risiti za miezi mitatu za friza moja la jirani yangu nikazisoma moja moja, ukumbi ukatulia kabisa. Kisha dai kura ya siri, vikaratasi na boksi tu vinatosha, kwa sababu kunyoosha mkono mbele ya mtu anayekudai hela sio uhuru jamani.

Ukishindwa omba pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari, na marejesho ya mkopo endelea kulipa kama kawaida, kugomea marejesho kunaumiza wenzako. Ila kama utaratibu ulivunjwa, mfano akidi haikutimia, andika barua kwa afisa ushirika wa halmashauri, ambatanisha ile nakala yenye mhuri.