Nyumba moja, majiko sita: jinsi wapangaji mnavyoweza kupunguza hewa ukaa kwa pamoja

Hii naiandikia watu wa nyumba za kupanga, zile za vyumba sita au nane, korido katikati, uani bomba moja, choo cha kushea na luku moja ukutani ambayo kila mwezi haikosi kesi. Tandale, Manzese, Mbagala, Buguruni, wengi wetu Dar ndo tunaishi hivyo. Maelekezo mengi ya kupunguza hewa ukaa, ile gesi inayotoka vitu vikiungua na kupasha dunia joto, yameandikiwa mtu mwenye nyumba yake na gari lake, anaambiwa apunguze eisii na asipande ndege. Sisi tuna majiko. Pita uani saa 12 jioni uangalie, unakuta majiko sita yanawaka kwa masufuria sita na nusu ya hayo masufuria yana maharage. Hapo ndo pa kuanzia, mambo ya chaja ya simu yatafuata baadaye.

Kuna watu watasema Mtanzania hachafui kitu, na kwa hesabu ya mafuta na gesi ni kweli, hatufiki hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mtu kwa mwaka wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Lakini hesabu hiyo haihesabu miti. Mkaa wa Dar unatoka Pwani, Morogoro, Tanga, unachomwa kwenye matanuri ya udongo porini, na kilo 1 ya mkaa kwenye tanuri la namna hiyo inakula kilo 6 mpaka 10 za kuni. Yani kabla hujawasha jiko lako sehemu kubwa ya ule mti imeshaondoka na moshi, na moshi wenyewe una methani ndani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Ukiokoa kopo moja la mkaa umeokoa na kuni zote zilizoungulia kule nyuma, ndo maana nasema jikoni kuna faida kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba.

Kwanza kaeni kikao, kifupi tu, jumapili jioni watu wakiwepo, na msianze kwa kutafuta mwizi wa umeme maana mkianza hivyo kikao kimekufa. Chukueni daftari la buku, kila chumba kiandike kwa mwezi mmoja kinanunua mkaa kiasi gani, mtungi wa gesi unakaa siku ngapi, na mtu mmoja aandike luku inakatika baada ya uniti ngapi. Bila namba mtabaki kubishana. Mkishakuwa nazo mnaweza kuona wenyewe kwamba mkaa wa nyumba nzima kwa mwezi ni gunia au magunia, na hela yake mkiijumlisha mtashtuka.

Sasa maharage. Maharage, makande, kunde, nyama ngumu, hivi ndo vinavyokula moto masaa kwa masaa, ugali na mboga ya majani ni dakika chache tu. Kwa hiyo msijaribu kula pamoja kila kitu, haitadumu, watu wana ladha zao, wengine wana watoto wadogo, na kuna mtu hali chakula kilichoungwa na mkono mwingine na hiyo ni haki yake, usimlazimishe. Mnachofanya ni kuchemsha pamoja halafu kila mtu anaunga kwake. Yanalowekwa usiku, ukilala nayo kwenye maji yanaiva mapema sana, asubuhi mnamwaga yale maji, chumba cha zamu kinachemsha kilo mbili au tatu bila chumvi bila nazi, yakiiva kila mtu anakuja na bakuli lake anachukua kiasi alichochangia, anaenda kuunga kwa nazi au kitunguu au karanga anavyojua yeye. Jiko moja limewaka badala ya manne. Wiki inayofuata zamu inahama. Na pimeni maharage makavu kwa kikombe kilekile siku zote, ugomvi wa vipimo ndo unaovunja hizi zamu.

Mkiweza kupanda hatua moja zaidi, nunueni presha kuka ya umeme ya nyumba. Iingizeni kwenye mchezo kama mnacheza, awamu moja kijumbe asimpe mtu hela, inunuliwe hiyo. Najua mtu akisikia kupika kwa umeme anaruka, anafikiria lile jiko la koili linavyomeza luku, lakini presha kuka ni kitu kingine kabisa, joto halitoki na inajizima yenyewe kila presha ikifika, sufuria la maharage linaiva kwa chini ya uniti 1. Hata kama mmeshatolewa kwenye tarifu ndogo, ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kitu ambacho nyumba ya vyumba sita kwenye luku moja lazima kiwakute, uniti ni shilingi 350 na kidogo, na kwa hela hiyo hupati mkaa wa kuivisha maharage hayohayo. Halafu umeme wetu wenyewe umebadilika, Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024 na lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na huo ni umeme wa maji, hauchomi kitu. Serikali nayo imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ikifika huo mwaka. Sisi wa uswahilini tusisubiri 2034.

Gesi je? Gesi ni mafuta ya ardhini, kilo 1 ikiungua inatoa kama kilo 3 za hewa ukaa, hilo tusifichane. Ila moto wake unaingia kwenye sufuria vizuri zaidi ya jiko la mkaa na unauzima dakika ileile umemaliza, mkaa ukimaliza kupika unabaki unawaka bure. Kwa hiyo vya haraka pikeni kwa gesi, chai, mayai, mboga, kupasha kiporo. Mfuniko juu ya sufuria kila mara, na yakianza kuchemka shusha moto, maji yakishachemka hayaongezeki joto hata uweke moto wa namna gani.

Kama bado ni mkaa, basi angalau jiko banifu lile lenye udongo ndani, siyo lile la bati tupu, linapunguza mkaa kwa theluthi hivi au zaidi. Mkaa ukiwa bado una moto mwite jirani aweke sufuria lake, hii bibi zetu walikuwa wanafanya siku zote. Chenga msitupe, changanyeni na uji wa unga wa muhogo mfinyange madonge, yakikauka juani yanawaka taratibu, mazuri kwa kuchemshia. Mkinunua mkaa mbadala ulizeni umetengenezwa na nini, wa vifuu vya nazi na mabaki ya mashambani ni sawa, wa makaa ya mawe unaokoa miti ndiyo lakini hewa ukaa yake ipo palepale. Na tafadhali sana jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulala nalo hata kama mvua inanyesha, mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu inayoua na haina harufu.

Maji ya kuoga. Watu wanachovya hita kwenye ndoo ya lita 20 mpaka ichemke, hapo zimeenda karibu uniti 2 halafu bado unayapooza kwa maji ya baridi. Chemsha lita 5 tu, nusu uniti hivi, changanya na 15 za bombani yanatosha kuogea mtu mzima. Ukiwa na dumu jeusi liache juani tangu mchana, jioni mtoto anaogea bila luku kabisa. Maji ya kunywa chemsheni mara moja sufuria kubwa, ya chai yaingie kwenye chupa ya chai asubuhi, siyo kila mtu akiamka anawasha upya.

Kwenye umeme mwingine sitakaa sana. Taa ya korido inayowaka usiku kucha, ikiwa globu ya kizamani ya wati 60 ni karibu uniti 22 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 ni uniti 3 na kidogo, badilisheni leo. Pasi, mtu apige nguo za wiki nzima kwa mara moja. Friji ndo la kuzungumza, unakuta vyumba vinne vina friji nne na zote nusu tupu. Mbili zikijaa zinatosha nyumba, wenye friji wakachangiwa luku. Bana karatasi kwenye mlango wa friji, ikichomoka kirahisi mpira umechoka, badilisha mpira.

Maganda ya ndizi, muhogo na mabaki ya ugali yakienda Pugu dampo yanaoza chini ya rundo bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa ya kiasi hichohicho. Wekeni ndoo mbili uani, moja ya maganda tu. Mtaani hapo hakosekani mfuga mbuzi au kuku wa kienyeji anayeyataka, atakuja kuchukua mwenyewe. Plastiki msichome.

Nani atagoma? Atakuwepo mmoja, mwacheni, endeleeni na waliokubali hata kama ni vyumba vitatu, akiona wenzake wananunua mkaa kidogo atauliza mwenyewe. Kazi ngumu zaidi ni luku, maana hakuna anayebana matumizi akijua jirani yake anawasha hita kwa hela ya wote. Mwombeni mwenye nyumba mita ya kila chumba, na akikataa, maduka ya vifaa vya umeme yanauza mita ndogo za ndani, mnachanga, anafunga fundi mwenye leseni. Zisomwe kila jumapili na watu wawili, mmoja wa vyumba vya mbele na mmoja wa nyuma, wapige picha waitume kwenye grupu kabla mchango haujaitishwa.