Somo: Goti linaloungua ukishuka mlima, lizoeshe mguu mmoja mmoja

Kila tukishuka vilima vya upande wa Ng'ong'ona, hapa Dodoma, naulizwa lilelile: "Kocha, mbona kupanda siumii, kushuka goti linawaka?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki, na kila hatua uzito wote unatua mguu mmoja. Kuchuchumaa kwa miguu miwili kunaficha tatizo, maana mguu wenye nguvu humbeba mwenzake kimyakimya.

1. Vua viatu.

2. Pima kifundo cha mguu. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, gusisha goti ukutani bila kunyanyua kisigino. Ukishindwa, sogea karibu, rudia polepole mara 10. Linganisha kulia na kushoto. Mguu uliowahi kuteguka mpirani mara nyingi ndio uliokaza.

3. Simama mguu mmoja sekunde 30. Ukiona rahisi, fumba macho.

4. Kushuka tofali. Dodoma hii ya ujenzi hukosi tofali la inchi sita. Lilaze, likisimama litapinduka nawe. Panda kwa mguu mmoja, mwingine uning'inie pembeni. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kiguse ardhi kama unapima joto la maji, kisha panda kwa mguu wa juu peke yake. Kujisukuma na mguu wa chini ni wizi, na ndio wizi ninaouona zaidi. Goti lielekee kidole cha pili. Likiingia ndani, usilaumu goti kwanza: mara nyingi ni nyonga dhaifu. Shika ukuta, tafuta kitu kifupi zaidi, hata tofali la kuchoma. Seti 3 za mara 8, siku tatu kwa wiki, usifululize. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake yanavumilika. Yakichoma au goti likivimba, acha.

5. Nyanyua kisigino ukingoni mwa ngazi, seti moja goti limenyooka, nyingine limekunjwa kidogo. Likikunjwa, msuli wa ndani wa shavu la mguu ndio unaobeba kazi zaidi.

MASWALI

Mdau wa Kisasa: Kocha, hatua ya 4 ni miguu yote miwili kwa pamoja?
– Soma kichwa cha somo.

Mdau wa Area C: Goti limevimba, wakati mwingine linakwama. Nianze na seti ngapi?
– Sifuri. Nenda hospitali likaangaliwe.
– Lakini umesema mazoezi yanaimarisha goti.
– Nimesema pia likivimba acha. Hospitali, ndugu yangu.

Boda wa Nkuhungu: Mguu wangu wa kulia unaweza 8, wa kushoto 5 tu. Nifanyeje?
– Swali zuri. Anza na wa kushoto ukiwa bado hujachoka. Ukifika 5, wa kulia nao uishie 5. Usiuache utangulie.

Mama wa Ipagala: Mwanangu, nina miaka 61, bado naweza?
– Shikamoo mama. Unaweza. Anza na hatua ya 3 ukishika meza, macho wazi. Tofali lisubiri.
– Marahaba. Na kanga sakafuni isiteleze?
– Iondoe kabisa mama, simama sakafu tupu.

Mdau wa Makulu: Naongezea: kabla ya kushuka, kaza kamba za viatu upya, vidole visigonge mbele.
– Kweli kabisa. Na kucha zikatwe Ijumaa, siyo asubuhi ya safari.